Amepumzika

Mountain View, Nairobi
Jumapili, 19 Januari 2025

Mwalimu Zadock, ndugu yangu,

Salamu nyingi kutoka hapa kwangu. Sisi tu wazima. Binti yangu Ivyne amehamisha duka lake la nywele, sasa yuko ghorofa ya sita kwenye jengo moja pale Moi Avenue, ambalo lifti yake hufanya kazi siku ikijisikia. Mimi bado nauza matumbo yangu pale kichinjio cha Dagoretti, na Januari hii watu wanayapenda kwa sababu nyama ya mfupa imewashinda. Wifi Everlyn hajambo? Watoto wamerudi shule?

Sasa sikiliza. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu umenikatia mara tatu. Karatasi huwezi kuikata ikiwa bado inaongea. Itakuja na basi la Bungoma, uende ofisi ya mizigo uichukue.

Damu zetu zimelingana. Daktari Kilonzo anasema figo yangu moja inaweza kukaa kwako vizuri tu. Ndugu zetu wengine, mmoja anasema bado anaomba, na yule mwingine simu yake imezimwa tangu Krismasi. Sishangai. Kitu kizito katika nyumba ile kilibebwa na Selpher tangu zamani, na hakuna aliyewahi kuuliza kama Selpher ana mgongo.

Kuna masharti. Nina kilo tisini na nne, daktari anataka themanini. Presha yangu inapanda, anataka ishuke yenyewe. Nisipofika hapo, hanigusi. Amenipa mpaka Septemba. Nimepiga hesabu, inawezekana. Mimi huinua matumbo kwa mkono mmoja na kukutajia uzito kabla mizani haijatulia, nitashindwaje na uzito wangu mwenyewe?

Nijibu. Unaitaka au huitaki? Andika neno moja tu.

Ni mimi dadako,
Selpher

*

Kimilili
Jumapili, 16 Februari 2025

Dada Selpher,

Barua yako ilifika ikinuka dizeli, lakini ilifika. Watoto wako shule. Everlyn amepanda kunde mpaka mlangoni, mgeni akija anaruka. Darasa langu la sita walikuja kuniona. Waliimba vizuri sana, wakala ndizi zetu zote, wakaniombea nipone haraka nirudi kuwafundisha, halafu nikasikia mmoja akimwambia mwenzake nje, "Si haraka sana lakini."

Bado naenda kwenye mashine ya kusafisha damu Jumanne na Ijumaa. Nikishuka pale huwa kama shati lililokamuliwa. Nafika nyumbani, naanguka kitandani, na Everlyn hujibu simu zangu.

Unaomba neno moja. Umesahau kwamba mimi ni mwalimu wa Kiswahili, kuandika neno moja ni adhabu. Umeanza hayo mazoezi? Miguu yako ile ya zamani bado inavimba jioni?

Lile neno bado nalitafuta.

Nduguyo,
Zadock

*

Mountain View
Jumapili, 30 Machi 2025

Mwalimu,

Habari za huko na kunde zenu. Huku mvua imeanza, na Dagoretti ni matope mpaka kwenye kifundo. Ivyne anakusalimu, anasema nimekuwa kichaa. Anasema hivi: "Mathe, utajiua kabla hujamsaidia anko." Mtoto wa siku hizi akiona mtu anafanya kazi anadhani ni ugonjwa.

Nikueleze ninavyofanya. Alfajiri niko kichinjioni. Nikimaliza kuuza natembea kwa miguu kutoka Kangemi, nafuata Waiyaki Way mpaka katikati ya jiji, halafu napanda ngazi za Ivyne na mtungi wa maji mkononi. Juu, chini, juu. Askari wa mlangoni aliniambia, "Mama, leo lifti inafanya kazi." Nikamwambia, "Basi iambie ipande, mimi nina kazi." Sili ugali jioni. Jumapili baada ya kanisa narudia yote, mwili usije ukasahau.

Nimefika kilo themanini na sita! Lakini hapo nimekwama, wiki kadhaa sasa. Kwa hiyo nimeongeza mtungi wa pili. Usingizi umekuwa haba, nalala macho wazi, moyo unapiga kama mtu anagonga mlango. Sijali. Usingizi haukuwahi kunisaidia kulea mtoto.

Vipimo vikubwa ni tarehe kumi na tano Aprili. Siku hiyo nitapanda zile ngazi kwanza, kwa nguvu zote, ndiyo niende hospitali. Nataka wanipime mwili ukiwa umeamka kweli.

Bado nangoja neno langu.

Selpher

*

Kimilili
Jumapili, 11 Mei 2025

Dada yangu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima. Sisi hapa tunaendelea. Kunde zimekwisha, sasa ni mlenda.

Aprili ilipita. Nikangoja. Nilienda ofisi ya mizigo mpaka karani akaanza kutikisa kichwa akiniona kwa mbali. Basi nikampigia Ivyne.

Najua yote. Ulipanda zile ngazi na mitungi miwili, ukaenda moja kwa moja hospitali, na mkojo wako ukaonyesha protini kama wa mtu mwenye figo mbovu. Presha ilikuwa juu kuliko Januari. Najua Daktari Kilonzo alikwambia kwamba mwili uliochoshwa vile unaweza kumwaga protini hata kama figo ni nzima, na kwamba hawezi kumpasua mtu ambaye amejipasua mwenyewe tayari. Alikutuma ukapumzike, ulale, utafute jambo unalolipenda ulifanye, halafu urudi. Najua ulitoka hapo ukaenda Bustani ya Jeevanjee ukakaa hadi jioni, na hukumwambia mtu. Na Ivyne ananiambia kesho yake ulikuwa kwenye ngazi tena.

Nilikuwa natafuta neno moja. Nimelipata.

Hapana.

Zadock

*

Mountain View
25 Mei 2025

Mwalimu,

Leo sina salamu.

Pumzika, pumzika! Wewe, daktari, Ivyne, hata askari wa lifti. Mnajua ni nani husemwa kuwa amepumzika? Ni yule anayetangazwa redioni jioni, na wimbo wa kanisa nyuma yake. Baba alipumzika. Mama akapumzika. Mimi nitapumzika zamu yangu ikifika, sasa hivi niko kwenye foleni.

Eti nifanye jambo ninalolipenda. Jeevanjee nilikaa kwenye benchi, mbele yangu wanaume wazima na tai zao wamelala kwenye nyasi, viatu wameweka chini ya kichwa, mchana kweupe. Nikajiuliza, Selpher, unapenda kufanya nini? Nikafikiri na kufikiri. Kanisa napenda, lakini huko nako niko kamati ya kupika. Sikupata hata kimoja. Nina miaka hamsini na tatu. Hicho ndicho kilichonikalisha pale hadi jioni, si mkojo.

Hapana yako nimeiona. Sijaipokea.

Selpher

*

Mountain View
Jumapili, 20 Julai 2025

Ndugu yangu Zadock,

Salamu zangu nyingi, na mwambie Everlyn nimemsamehe. Mwambie mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza hataamini.

Wewe unajua tu upande wako wa ile siku ya Juni. Ulilala, ukaamka, ukanipigia, ukasikia vilio. Acha nikupe upande huu.

Ilikuwa Ijumaa, niko kichinjioni naosha matumbo. Nilikuwa nimekupigia mara mbili bila kujibiwa. Ndipo ujumbe wa Everlyn ukaingia: *Mwalimu amepumzika. Tutawapigia baadaye.*

Amepumzika! Kisu kilinitoka mkononi. Sijui nililia vipi, lakini wachinjaji walizima maji. Wanawake wa pale wakafunika bidhaa yangu, wakanivua aproni ya mpira, wakanileta nyumbani wamenishika huku na huku kama mgonjwa. Jirani yangu Peres, yule kiongozi wa kwaya, alikuwa ameshapata habari. Tulipofika alikuwa ameshapanga viti vya plastiki uani, sufuria kubwa ya chai iko motoni, na wenzake wa sauti ya pili wako kwenye ubeti wa tatu. Mzee wa kanisa alikuwa amesimama anasema, "Alikuwa mwalimu mnyenyekevu." Hajawahi kukuona.

Simu yangu ikalia. Peres akaichukua. "Nani mwenzangu?"

Sijui ulimjibu nini. Nilichoona ni Peres kuitupa simu kwenye sufuria ya mandazi na kupiga kelele, "Woi! Marehemu yuko laini!"

Ndugu yangu, niliisikia sauti yako ikitoka kwenye mandazi ikisema, "Dada? Dada, nani amekufa?"

Nilikaa chini kando ya sufuria. Na wale wanawake wakaanza kucheka, kwanza mmoja, kisha wote, mpaka mzee wa kanisa naye akakaa chini akapangusa macho. Chai ilikuwa imeiva, wali wa watu hamsini uko motoni, maiti hakuna. Tungefanya nini? Tukala. Mimi nilikula jioni kwa mara ya kwanza tangu Machi. Halafu nikasinzia hapo hapo kitini, na Peres akanisukuma kitandani.

Niliamka Jumamosi mchana. Sijawahi kulala hivyo tangu nizaliwe. Nilifungua macho nikadhani mimi ndiye niliyepumzika.

Jumapili wale wanawake wakarudi kuchukua viti, na vyombo vilipokwisha kuoshwa hakuna aliyetaka kuondoka. Peres akachukua soksi, akaijaza pakiti za maziwa na vitambaa, akaikaza kwa uzi, akaitupa juu. "Nani anaingia kati?"

Unakumbuka kati. Wawili wanasimama huku na huku wanarusha mpira, wewe uko katikati unaukwepa. Nikasema, "Mimi niko na miaka yangu." Peres akasema, "Mama Ivyne, huu mpira ni soksi, hauombi kitambulisho. Ingia."

Nikaingia. Na hapa ndipo sijui nikuandikie vipi.

Mwili wangu ulijua. Mpira ulikuwa bado mkononi mwa Peres na mimi nimeshainama. Ulirudi kwa nyuma, nikaruka, miguu hii hii unayoijua, ikatoka ardhini yote miwili! Nikasikia mtu anacheka kwa sauti kubwa sana, sauti ya msichana, nikageuka kumtafuta. Ni mimi. Wakanikosa, wakanikosa tena. Peres anapiga kelele, "Huyu mama wa matumbo amepakwa mafuta!" Ilipofika jioni nilikuwa nimelowa jasho kuliko siku yoyote ya ngazi, na sikuwa nimefanya mazoezi hata kidogo. Nilikuwa nimecheza.

Tangu hapo kila Jumapili ni kati. Jumatatu sifungui kibanda, nalala. Siku mbili au tatu kwa wiki natembea, bila mtungi, na nikichoka nakaa. Kupanda ngazi nimeacha. Nakula jioni. Nikasema, haya, kilo zitarudi, wacha zirudi.

Wiki jana nilipanda mizani ya duka la dawa hapa Kangemi. Themanini na moja. Nikashuka, nikaangalia kama kuna kitu kimeishika, nikapanda tena. Themanini na moja. Yule kijana akanipima presha, akatazama mashine, akanipima mkono wa pili. Mia moja ishirini na nne kwa sabini na nane. Akaniuliza natumia dawa gani. Nikamwambia, soksi.

Nilimwendea Daktari Kilonzo nimekasirika, nikamwambia anieleze. Mimi ni mtu wa hesabu. Nikitoa kitu kwenye mizani, mizani inapungua. Nimetoa kazi nusu nzima, nguvu imeongezeka! Akaniambia mazoezi yanabomoa, na mwili hujijenga mtu akiwa amelala. "Mama Selpher, ulikuwa unabomoa asubuhi na jioni. Fundi angeingia saa ngapi?"

Nimekaa na hilo neno tangu siku ile. Kwamba nikiwa nimelala, sijui chochote, nakoroma, kuna kazi inafanyika ndani yangu nzuri kuliko kazi zote nilizowahi kufanya nikiwa macho, na hakuna aliyenituma. Inanipa hofu kidogo. Hofu ya kanisani, si ya mwizi.

Ile Hapana yako bado umeishikilia?

Dadako,
Selpher

*

Kimilili
Jumapili, 3 Agosti 2025

Dada Selpher mpendwa,

Tumepokea barua na tumeisoma sebuleni kwa sauti. Everlyn alificha uso kwa leso mpaka mwisho. Ameapa kwamba kuanzia sasa akiandika ujumbe ataandika "Mwalimu amelala." Nimemwambia hilo nalo alifikirie tena.

Mpe pole yule mzee wa kanisa. Mimi si mnyenyekevu.

Sasa nikueleze, kwa sababu umengoja sana. Sikuikataa figo. Nilikataa namna ulivyokuwa unaileta. Kila barua yako nilikuona kwenye zile ngazi, na nikaanza kuota nimepona, nimekaa hapa barazani na afya yangu, na mlango unagongwa, na mtu anasema dada yako ameanguka Moi Avenue. Afadhali mashine. Mashine ikifa, hakuna mtu anayeachwa bila mama. Sikuweza kukuandikia hayo. Nikaandika Hapana, ilikuwa fupi.

Na kuna jambo ambalo mama aliwahi kuniambia. Alisema kila alipokuachia mimi mgongoni, wasichana wenzako walikataa kukuingiza kwenye mchezo, eti una mzigo. Siku moja ukaingia kwa nguvu na mimi nimefungwa leso. Alikuona kutoka shambani. Ulikuwa unaruka na kukwepa, na mimi nacheka mpaka nikashikwa na kwikwi, na hawakuweza kukupiga mpira kwa sababu waliogopa kumpiga mtoto. Alisema hakuwahi kuona mtu mwenye furaha kama wewe siku ile. Halafu akakuita, kwa sababu maji yalikuwa yamekwisha.

Alisema angekuacha ucheze kidogo zaidi. Hilo alilisema mara nyingi, mwishoni.

Nakubali, dada. Ndiyo. Lakini usiache kati hata wakikuambia uko tayari.

Nduguyo,
Zadock

*

Mountain View
Jumapili, 21 Septemba 2025

Mwalimu wangu,

Salamu kwako na kwa Everlyn. Ya mama nimeyasoma peke yangu chumbani. Sitayajibu, lakini nimeyasoma.

Nimepita! Kilo sabini na tisa. Presha safi. Mkojo safi. Kabla ya vipimo daktari aliniamuru nisifanye lolote siku mbili, na nilitii, nililala kama binti wa chifu. Upasuaji ni Novemba. Mje wiki moja mapema, mtakaa kwangu.

Kuna kitu nilikiona. Walinipaka mafuta baridi kwenye mbavu, wakapitisha kile chombo, na kwenye kioo zikatokea figo zangu. Daktari akasema, "Hizo hapo." Mimi nimeuza figo miaka mingapi Dagoretti? Ya ng'ombe naijua kwa kidole, ina mafundo mafundo kama shada la zabibu. Naitupa kwenye mizani, nafunga karatasi, nasema "Mwingine." Sikuwahi kuitazama mara ya pili. Yangu ni laini, haina fundo, kama ya kondoo. Na nikaona rangi zinapita ndani yake, nyekundu na buluu, nyekundu na buluu. Nikauliza ni nini kile. Daktari akasema ni damu yako, mama, inaoshwa sasa hivi unavyotazama. Damu yote uliyonayo hupita hapo mara nyingi kwa siku, na hivyo ndivyo imekuwa tangu uko tumboni.

Nikamwambia asiondoe chombo. Kulikuwa na watu kwenye foleni nje. Aliniacha nikatazama.

Miaka yote nimelalamika hakuna anayenisaidia.

Selpher

*

Nairobi, wodi ya wanaume
13 Novemba 2025

Dada,

Nesi amekubali kushusha karatasi hii kwenu ghorofa ya chini kwa sababu nimemsumbua. Mwandiko ni mbaya, usinisahihishe.

Kuna jambo sikuwahi kukuambia, lilinitia aibu. Ni miaka miwili sijakojoa. Hata tone. Mtu huzoea. Nilikuwa nikiwasikia watoto wangu wakienda chooni asubuhi, nikaona wivu.

Daktari anasema waliposhona mshipa na damu yangu ikaingia, figo yako ilikuwa ya kijivu, ikawa waridi mbele ya macho yao. Na kabla hawajafunga tumbo ilikuwa imeshaanza. Mezani pale pale.

Nina mrija na mfuko kando ya kitanda. Nimekojoa, Selpher. Bado nakojoa.

Z.

*

Wodi ya wanawake
Siku hiyo hiyo

Kiasi gani? Lita ngapi kwa saa? Rangi gani? Uliza uandikiwe. Mimi sijambo, panauma nikicheka na Peres yuko hapa, kwa hiyo panauma. Jibu haraka.

S.

*

Wodi ya wanaume

Dada, sikupima. Nesi alitaka kunitajia nikamwambia asubiri kidogo. Everlyn ameketi upande ule, mimi upande huu, tumeutazama mfuko ukijaa. Nesi ameuondoa akaweka mwingine.

Umejaa tena.